Mashine Niliyoipeleka Bila Kuijaribu kwa Mkono

Njombe, Jumamosi asubuhi

Fundi wangu, Mzee Mlowe,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya sanduku lako la vifaa, hapa malori ya Makambako yanaposimama. Ukungu haujainuka.

Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike. Mama, mkeo, amenikabidhi funguo za karakana akasema nisihamishe kitu, na sijahamisha. Watu wanaleta baiskeli na vyerehani. Wanasema, "Mpelekee yule msomi wa Mlowe," kisha wanacheka, maana wanakumbuka ulivyonitania kwamba Darasa la Kumi halijawahi kulegeza nati yenye kutu.

Ile mashine ya kufulia niliimaliza. Ile kuukuu uliyoikuta bandani kwenye shamba la miti ya miwati, pipa la mbao na injini chini yake, kuku wakiwa wametagia ndani. Pipa nililijaza maji siku tatu, mbao zikavimba, likaacha kuvuja. Ile mipira miwili ya kukamulia nguo, uliyoiacha imepasuka, niliivisha mpira wa ndani wa gurudumu la lori kama ulivyonionyesha. Chuma cha kuachia, kile kinachogongwa ili mipira iachane, nilikitilia springi mpya. Kila jioni niliandika kwenye daftari langu kilichofanyika.

Ikabaki kujaribu. Katika miaka minne sikuona mashine ya kukamua ikitoka kwako kabla hujaingiza mkono wako mwenyewe kati ya mipira, injini ikiunguruma, ukagonga chuma kwa mkono wa pili. Safari moja mipira ilichelewa kuachana, ukapoteza kucha mbili. Ulijifunga kitambaa ukarudi kwenye springi. Niliposema tutumie kijiti, uliniuliza, "Wewe umesoma. Hebu hesabu, dobi ana mikono mingapi?"

Mzee, niliwasha injini. Nikasimama mbele ya mipira ile. Mara tatu nikanyoosha vidole, mara tatu nikavirudisha. Mwishowe nilichukua gunzi la hindi, nikalizungushia kitambaa kibichi, nikaliingiza. Mipira ikaachana, gunzi likatoka zima. Nikafungua daftari nikaandika: Jumanne. Imejaribiwa.

Nikaipakia kwenye lori, nikawapelekea walioiagiza. Kule hotelini Makambako aliyeipokea ni Mama Eliza, yule dobi aliyekuwa akikuita shemeji. Aliizunguka mashine mara mbili, akalipiga pipa kofi. "Sasa mikono yangu italainika, wanaume wa hapa watapata tabu." Halafu akanitazama. "Mzee wako alikuwa anaingiza mkono. Na wewe umeingiza?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akaniamini.

Njiani nikirudi ndipo akili iliponijia. Mpira niliouvisha ni mnene kuliko ule wa zamani. Siku ya gunzi ulikuwa wa baridi. Makambako wanafua kwa maji ya moto, na mpira huo ukipata moto unalainika, unashika. Ukishika kidole, sijui. Sijui, Mzee. Ungekuwepo ningekuuliza, lakini ungekuwepo hata swali lenyewe lisingekuwepo.

Tangu hapo nikisikia lori linatoka upande wa Makambako, naweka nyundo chini. Juzi utingo mmoja alichungulia karakanani. "Fundi, yule mama wa hotelini anakuulizia." Mimi nikamwuliza habari za barabara. Akasema barabara ni mbaya, akaenda zake. Sikuthubutu kumwuliza ananiulizia nini. Jana kutwa nimenoa patasi ambayo haikuwa butu. Namwona Mama Eliza anavyofunga mtoto mgongoni bila kutazama, vidole vyake vikijua njia.

Alfajiri nilimweleza Mama. Alikuwa anakoroga uji, hakuacha kukoroga. Nilidhani atanigombeza. Aliniambia tu, "Sasa mbona bado uko hapa?"

Ndiyo maana nipo hapa penye malori. Lori linapakia mbao, zimebaki chache.

Katika daftari nimekata lile neno la Jumanne, nikaandika pembeni: gunzi. Nakuahidi kwamba nikifika sitatazama kwanza mikono yake ndipo nichague la kusema. Nitasema nikiwa mlangoni, kabla ya kumwona vizuri, kwamba nilimdanganya. Kama mikono yake imesalimika, atasikia hayo. Kama haikusalimika, atasikia hayohayo, na nitakaa hapo niyasikie yake.

Kisha nitaomba maji ya moto, kama anayofulia yeye, na injini iwashwe. Naogopa sana, sikufichi.

Dereva ananiita. Pumzika, Mzee, kwaheri. Nitaingiza mkono huu ninaokuandikia.

Mwanafunzi wako,
Yohana