Mstari wa Mwisho

Jumatatu, 30 Januari 2023

Theluji kidogo. Nimerudi kazini. Siku ya thelathini na tano tangu Mama afe, na sijalia bado. Nimekaa tu — kama dirisha jeusi la kompyuta nikianzisha programu nikasahau kuipa faili. Kimstari kinapepesa. Programu inangoja. Haiulizi mara ya pili.

Bosi Dochev alinipa mkono, pole sana, kisha papo hapo: gari la vipimo vya matiti linaanza kuzunguka vijijini Machi, barua za mwaliko zitoke wiki hii. Programu ni yangu, niliiandika miaka sita iliyopita. Manesi wa vijiji wanaleta orodha za wanawake, inasoma mstari kwa mstari, kila jina linapata barua. Nikasema sawa.

Jioni Mama mdogo Stoyna akapiga simu. Arobaini ni Jumamosi, ngano ya kuchemsha anayo, mimi nilete sukari. Akaanza tena: dada yake alikuwa mkaidi, barua za kuitwa kupimwa matiti alizichoma zote kwenye jiko. "Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu." Nikasema ndiyo.

Jumanne, 31 Januari

Orodha arobaini na moja zimeingia. Zimetoka barua. Kazi ya asubuhi moja.

Nevyana, nesi wa kijijini kwetu, kapiga. "Dada Zornitsa, nimeleta majina themanini na sita, barua themanini na tano. Kila mwaka inapungua moja." Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mwaka: umehesabu na kichwa cha orodha, mstari wa kwanza si mtu. Akasema haya.

Baada ya dakika kumi kapiga tena. "Dada, samahani. Safari hii kichwa sikukiweka."

Jumatano, 1 Februari

Nimelipata kosa.

Programu inasoma mstari mpaka ikutane na Enter, alama ya kitufe cha kufungua mstari mpya. Jina la mwisho likiwa halina Enter baada yake, inalishika tu. Faili inakwisha, inalitupa. Haisemi kitu. Marehemu nesi Veska, aliyemtangulia Nevyana, alikuwa habanduki mezani bila kubonyeza Enter mwishoni, kama mtu anayefunga mlango akitoka. Nevyana habonyezi. Wala sikuwahi kumwambia abonyeze. Ameanza kazi miaka minne iliyopita.

Orodha zinapangwa kwa alfabeti, na Ya ni herufi yetu ya mwisho. Mama ni Yakimova.

Nilirekebisha. Mstari mmoja tu wa maandishi, haukuchukua hata dakika tano. Nikaipa programu mafaili yote ya zamani, nikaiambia itoe waliorukwa tu. Majina kumi na tisa, kutoka vijiji kumi na saba. Yakimova, Tsvetana: mara nne. Mwaka kwa mwaka.

Nikaenda kunywa chai.

Pasaka ya mwaka juzi Mama alikuwa anakoroga supu, akasema, "Zori, siku hizi barua haziji." Nikacheka. Nikamwambia Mama, programu nimeiandika mwenyewe, haikosei, barua umezitumia kuwashia jiko. Akafikiri kidogo, akasema, "Labda." Basi. Aliniamini mimi kuliko kumbukumbu yake. Na Mama mdogo nilimsimulia mimi, kama kichekesho. Habari ya barua na jiko ilitoka kwangu.

Alhamisi, 2 Februari

Nilimwambia Dochev. Alifunga mlango. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tuma barua, Zornitsa, na mdomo uufunge. Ukimwambia mmoja, kesho wako kumi na tisa hapa, na mawakili wao." Sina hakika kama ni mtu mbaya. Aliniletea maji.

Akasema niondoe waliokufa. Ni watatu. Programu inauliza kwa kila mmoja: aondolewe, ndiyo au hapana? Wawili niliandika ndiyo. Kwa Yakimova sikuandika kitu. Nilibonyeza Enter, na Enter tupu inahesabiwa kuwa hapana. Niliiandika hivyo mwenyewe, ili mtu asifutwe kwa bahati mbaya.

Kisha nikapiga simu, sikusubiri barua. Wa kwanza Filka Yaneva, miaka sitini na mmoja. "Binti, mie nilidhani nimezeeka, hamnitaki tena." Ana uvimbe kwenye titi, kama punje ya mahindi, tangu vuli. Nikamwambia aje kupimwa Jumatatu, asingoje gari. Akauliza: ndiye wewe unayeandika zile barua? Ndimi. "Ahsante kwa kunikumbuka."

Sikumsahihisha. Nilikata simu nikala mkate.

Ijumaa, 3 Februari

Barua za waliorukwa zimeondoka na gari la manesi. Zilipaswa kuwa kumi na sita. Zimekwenda kumi na saba.

Jumamosi, 4 Februari

Nyumbani kwa Mama. Naandika chumbani kwake, mlango nimeurudishia.

Asubuhi tulibandika tangazo jipya la msiba getini, la siku arobaini, picha ile ile ya Mama akiwa na kitambaa cha bluu. Makaburini tulimwaga divai, tukagawa ngano. Tukarudi, tukakaa mezani, watu kumi na wawili. Nevyana akaingia mwisho, theluji mabegani, akasimama nyuma ya kiti changu. "Samahani jamani. Hii imekuja jana na zingine. Sikujua niipeleke wapi."

Mama mdogo akaichukua. Akasoma jina. Akacheka cha kuumia. "Mnaona? Mpaka kaburini wanamwandikia. Na yeye zote kazichoma, punda yule." Machozi yalikuwa yanamtoka. Ana hasira na Mama kwa siku arobaini. Hajamsamehe. Akafungua mlango wa jiko, barua mkononi.

Nikasema, "Usiichome."

"Ya nini sasa?"

"Ni ya kwanza tangu miaka minne. Hakuchoma hata moja."

Vijiko vikasimama. Nevyana alikuwa ananitazama; nadhani ameshajua, na nadhani anajiona yeye ndiye mwenye kosa. Mama mdogo akasema taratibu, "Kwa nini, Zori? Wewe si ndiwe uliyeniambia?"

Nikanyanyuka nikaja huku. Nimewaambia nakuja.

Nasikia jiko tu, mlango wake bado uko wazi. Sasa Mama mdogo amekuja mlangoni. Hagongi. Nakiona kivuli chake chini ya mlango, miguu miwili, amesimama tu.