Majibu ya Wodi Uliyolala

Dada Minza,

Jana mchana nilisinzia juu ya magunia ya pamba, ukaja. Ulikaa ukingoni mwa mkeka na kifurushi chako kile cha wodini: glovu, wembe, kanga mbili. Pamba ikawa inaelea chumbani taratibu, nami nikaona ni sawa tu.

Mengi yamebadilika. Pamba yetu sasa inanunuliwa na watu binafsi, wanaigombania hata yenye taka. Maduka ya mjini Somanda yamejaa sabuni za rangi usizowahi kuziona, na bado mjamzito anaambiwa aje na glovu zake. Mwanao Kabula ameota meno manne. Ananing'ata mimi, kwa kuwa wewe hupo.

Nami nimepata kibarua. Watu wa wilayani wanataka kujua kama akina mama wanahudumiwa vizuri wanapojifungua, wakanipa fomu nizunguke nazo kijijini Nkololo. Nikawa nasalimia, najibiwa "mhola duhu", salama tu, kisha naunganisha maswali hapo hapo. Ulipokelewaje? Mhola. Wauguzi walikusemesha vipi? Mhola duhu. Nikajaza "nzuri" ukurasa baada ya ukurasa. Ujinga wangu, dada. Niliwauliza tungali kwenye salamu, na kwetu nani anatoa shida zake kwenye salamu?

Ndipo nikakumbuka siku niliyokuja kukuona. Nilikusalimia nikiwa mlangoni mwa wodi, ukanijibu vilevile, mhola duhu, na midomo yako imepauka. Nikarudi zangu kupalilia. Jioni wakaja kuniambia umetutoka. Laiti ningekaa. Hilo linaniuma kuliko yote, na sijamwambia mtu.

Basi nikarudi Nkololo. Safari hii niliziacha fomu kwenye kikapu, nikakaa na akina mama tukamenya viazi vya michembe, vile vya kukata na kuanika, nikanyamaza mpaka salamu zikaisha zenyewe. Yule mliyelala naye kitanda kimoja wodini ndiye aliyeanza. Alisema uliita sana, ukaambiwa na muuguzi, "Acha kudeka, si wewe wa kwanza kuzaa." Alisema damu ilikuwa inafika upande wake. Aliyasema haya bila kuinua macho kwenye viazi, na wenzake wakafuata, mmoja mmoja, mpaka jua likageuka.

Zile fomu za kwanza nimezichana. Wakubwa wa wilayani wamenuna, maana walishazipenda. Nimejaza mpya, na moja nimeiandika jina lako, nikakujibia yote ninayoyajua. Swali la mwisho linauliza kama mama angependa kurudi kujifungulia hapo. Kalamu ilinigomea.

Pumzika, mwana wa mayu, mama yetu. Kabula nitamlea, usiwe na wasiwasi naye. Kesho kuna kikao cha kusoma majibu, na wauguzi wa wodi ile watakuwepo. Nimeambiwa nisome majibu kwa kifupi. Nakuahidi fomu yako nitaisoma yote, polepole, na nikifika kwenye swali lile la mwisho nitanyamaza, nisikae chini, mpaka mmoja wao aulize kwa nini halina jibu.

Mdogo wako,
Ngolo