Chipukizi la Mshelisheli

Alhamisi. Mvua inanyesha tangu alfajiri na ua wote ni tope. Binti yetu Zuhura yuko chuoni, baba yake amelala na homa yake, nami nimekaa jikoni na hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Jana nilikwenda Nkome.

Siku zote safari hiyo ni ya mume wangu, Juma. Yeye ndiye anayefuata samaki wakavu ziwani na kuja kuwauzia wachimbaji hapa Geita. Safari hii homa ilimwangusha, nikasema nitapanda lori mimi. Alinikataza sana. Nikadhani ananihurumia, mjinga mimi.

Pale Nkome, nyuma ya vichanja vya samaki, nikauona. Mshelisheli! Bado mdogo, unanifika kiunoni, majani mapana yenye mikato, umezungushiwa miiba vizuri. Nikasimama nikitabasamu peke yangu. Huku bara sijawahi kuona mwingine ila wangu, ule ambao marehemu mama alinifungia mche wake kwenye gunia bichi nilipoolewa kule Pangani. Niliupakata ndani ya gari moshi mpaka Shinyanga, kisha juu ya lori la pamba.

Halafu tabasamu likanitoka.

Mshelisheli wetu hauna mbegu. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba asili yake ni visiwa vya mbali vya Bahari ya Pasifiki, na watu wa huko walihama nao kwa mitumbwi, kisiwa hadi kisiwa, wakibeba machipukizi ya mizizi. Kila mche una mama yake.

Na wangu ulitoa chipukizi mwaka jana, karibu na jiko. Nilikuwa nikilitunza kwa ajili ya Zuhura, aondoke nalo siku atakayoolewa, kama nilivyoondoka mimi. Asubuhi moja nikakuta shimo. Juma akaapa ni mbuzi wa jirani yetu Mama Kulwa. Nilimtukana yule mama mbele za watu, na mpaka leo hatusalimiani.

Nikiwa bado nimeduwaa, akatoka msichana na kopo la maji, ana mimba kubwa.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, kwa adabu zote. Nikamwuliza habari za mti wake. Akafurahi sana.

"Ni mti wa kwao mume wangu, Juma mnunuzi wa samaki. Mama yake ndiye aliyeutoa pwani. Amesema mtoto akizaliwa, huu ndio urithi wake."

Mama yake! Mama mkwe wangu alizaliwa Tabora, akafia Tabora. Bahari hakuwahi kuiona hata siku moja.

Yule binti hana kosa. Naye kadanganywa vilevile. Nilimtakia ajifungue salama, nikanunua samaki, nikapanda lori. Nililia njia nzima, dereva akadhani nimefiwa.

Mke wa pili dini imemruhusu. Angeniambia, ningenuna, ningelia, mwishowe ningezoea. Lakini kumwibia Zuhura urithi wake, kisha mama yangu mwenyewe amfute, amweke mama yake yeye mahali pake? Hilo linanichoma. Mama alikufa bila kujua kama mche wake ulishika.

Ulishika. Mwaka huu umezaa kwa mara ya kwanza, tunda moja tu, na Juma haachi kuliulizia. Hata leo asubuhi, na homa yake, ameuliza kama limekomaa.

Limekomaa. Mvua ikikatika nitakwenda kwa Mama Kulwa kumwomba radhi, na kumkaribisha chakula kesho. Nitalipika shelisheli kwa karanga za kutwanga, maana nazi huku hatuna. Nitatandika mkeka, Zuhura atatunawisha mikono.

Kisha nitamwomba Juma atusimulie, taratibu, jinsi mama yake alivyouleta mti huu kutoka pwani.