Tangawizi ya Mama Nimeing'oa

Barabara ya Kijitoni,
Waihuka,
Northland,
Nyuzilandi.

28 Machi 2017

Mpendwa mdogo wangu Ngāhuia,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Perth? Shemeji Brent hajambo? Rewi na Kiri masomo yanawaendeaje? Mara ya mwisho ulipopiga simu ulikuwa unakohoa, ukaniambia ni vumbi la mgodini tu. Kikohozi cha wiki tatu si vumbi, mdogo wangu. Nenda kwa daktari, uache kuwapikia wachimbaji mia tatu huku wewe mwenyewe unaishi kwa vidonge.

Sisi hapa tunasukuma siku. Goti la wifi yako Jocelyn limevimba tena na hataki mtu aliseme. Mvua haijakata tangu mwanzo wa mwezi, barabara imekatika darajani mara mbili, na viazi vitamu vinaoza kabla hatujavichimba. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu nipate akili, viazi vya wageni wa Pasaka tutanunua dukani. Nashukuru Mama hayupo kuona hilo.

Jiwe lake la kaburi limefika. Ni jeusi, zuri, na majina yetu wameyaandika bila kukosea. Tumelilaza ukumbini kwa ukoo, tumelifunika kwa lile blanketi lake la kijani. Tutalifunua Jumamosi ya Pasaka, kama tulivyokubaliana. Ulisema utaangalia mambo ya likizo. Bado nangoja jibu.

Sasa nina habari, na nimeichelewesha zaidi ya wiki mbili kwa sababu kila nikishika kalamu roho inaniuma. Inahusu tangawizi ya Mama, ile ya maua iliyokuwa nyuma ya nyumba. Nimeing'oa. Nimeing'oa yote, na pale mahali pako pia. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Unajua tangu mwaka 2010 Jumamosi zangu ni za hifadhi ya msitu. Ulinibandika jina la Bwana Panya, na wanao wakalishika, nami sikukasirika. Tulianza watu kumi na mmoja wa kujitolea. Sasa tumebaki watano, na wanne kati yetu hatuwezi kupanda kile kilima bila kupumzika mara tatu. Mitego bado tunaizungukia: yai kwa kicheche, siagi ya karanga kwa panya, na wale posamu wanaokula majani ya miti mpaka mti unakufa tunawategea juu kwenye shina. Mwezi wa kumi na moja nilikuta kifaranga cha ndege kiwi chini ya kichaka. Kicheche alikuwa amekila ubongo tu, kilichobaki akakiacha kama kilivyo. Nilikibeba kwenye kofia yangu mpaka chini.

Lakini kicheche unaweza kumtega. Kilichotuvunja mgongo ni tangawizi. Inamea kando ya kijito kote ndani ya hifadhi, matunguu yake, ile mizizi minene, yanashikana mpaka yanakuwa kama sakafu, na chini ya sakafu hiyo hapaoti hata jani la mti wetu. Kila mwaka tulikata mashina, tukapaka dawa kwenye visiki, tukabeba matunguu kwenye magunia mpaka barabarani. Mwaka uliofuata tukaikuta imerudi, changa, inameremeta, kana kwamba hatujawahi kufika. Tuliambizana kwamba ndege ndio wanaoleta mbegu, au mafuriko.

Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo kuliko wote. Nilisema huko juu ya kijito kuna mpumbavu anafuga hili gugu uani kwake, na siku nikimpata atanieleza. Nilimshuku yule mfugaji wa ng'ombe wa kule juu, nikamnyima salamu miaka miwili mizima. Wenzangu walikuwa wananiangalia, wanarudi kukata mashina.

Mwalimu Graeme Tuffery unamkumbuka, aliyekufundisha hesabu na kukukalisha mbele kwa kupiga soga. Ndiye kiongozi wetu. Mwezi wa tisa mwaka jana alikuwa ukingoni anang'oa tangawizi, ardhi imelowa, matunguu yakaachia yote kwa pamoja naye akaenda nayo mpaka majini. Nyonga ikavunjika. Ana miaka sabini na sita. Tulikaa naye kwenye maji baridi zaidi ya saa nzima tukimshikilia kichwa, na muda wote huo alikuwa anatuomba radhi kwa kutuharibia Jumamosi. Sasa anatembea na fremu ya chuma, na kijitoni hatarudi tena.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda kumjulia hali nyumbani kwake. Tukanywa chai, nikaanza wimbo wangu ule ule, kwamba mpumbavu wa huko juu ndiye aliyemvunja nyonga. Akaweka kikombe chini.

"Hōhepa, baba, basi," akasema. "Ile tangawizi inatoka kwa mama yako."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezea hesabu, kwamba kijito kinapita nyuma ya nyumba yetu kabla ya kuingia hifadhini, na ukipita nyumba yetu kwenda juu hakuna hata shina moja, walikwisha kagua. Walijua tangu mwaka ule wa kwanza. Walifuata kijito Jumamosi moja ambayo mimi nilikuwa msibani, wakatokea kwenye kamba ya kuanikia nguo za Mama. Wakakubaliana nisiambiwe. Yeye akaenda peke yake kwa Mama, amebeba skonzi alizooka mkewe, akamweleza kwa adabu zote. Mama akamsikiliza mpaka akamaliza, akampa chai, akampakia siagi kwenye skonzi zake mwenyewe. Kisha akamjibu:

"Hiyo inanishikia mtoto, mwalimu. Ngojeni nife, si mbali."

Alikuwa na miaka sabini na tisa. Akaishi mingine sita.

Fikiria, Ngāhuia. Miaka sita wazee wa watu wameinama kwenye maji kila Jumamosi kung'oa kitu kilichokuwa kinatoka uani kwetu, na wanajua kinakotoka, na wanangoja kwa heshima bibi kizee wa watu afe. Na mimi niko katikati yao, natukana. Nilimuuliza Graeme kwa nini hakuniambia hata baada ya msiba. Akaniuliza mimi ningemwambia nini kama angekuwa mama yake. Nilitoka pale nikakaa ndani ya gari, ufunguo mkononi, nisijue pa kuelekea.

Nataka niseme ukweli wote kwa kuwa ni wewe. Labda nilijua. Ile nyasi ya nyuma ya nyumba nimeikata mimi, kila wiki, miaka yote. Nimepita karibu na yale maua ya manjano mara elfu, nimeyanusa, nimemkatia Mama ya kuweka mezani, na tuliyaweka juu ya jeneza lake. La hifadhini lilikuwa gugu. La Mama lilikuwa ua. Sijui mtu anawezaje kuwa na macho mawili na kuona hivyo, lakini ndivyo nilivyoona.

Graeme hakujua ni mtoto gani anayeshikwa. Aliona ni mambo yetu, hakuuliza. Mimi sikuhitaji kuuliza.

Ulipozaliwa nilikuwa na miaka tisa. Mama aliwakatalia wauguzi wasitupe kondo lako, akaligombania mpaka wakampa limefungwa kwenye gazeti, akarudi nalo kwenye basi, wewe mkono huu na gazeti mkono huu. Baba akachimba pale karibu na nguzo ya kamba ya nguo, wakalizika ardhini kama ilivyo desturi yetu, na Mama akapanda juu yake tangawizi aliyopewa na jirani, ili asisahau mahali. Langu halikuzikwa. Nilizaliwa mjini, na hospitali walilichoma pamoja na takataka nyingine kabla Mama hajapata nguvu ya kudai. Alikuwa akilisema hilo mpaka uzeeni, kwamba mwanawe wa kwanza hana pake.

Ulipoondoka akawa anakwenda kusimama pale. Ukikosa kupiga simu mwezi mzima, nikifika kumwangalia simkuti jikoni, namkuta kwenye tangawizi, anaokota majani makavu. Nikimuuliza kama ana wasiwasi ananiambia hana, wewe uko pale, huendi popote. Nitakwambia jambo ambalo sijawahi kukwambia: nilikuwa naona wivu. Mimi ndiye niliyekuwa nimebeba mboga na dawa zake, na aliyekuwa akizungumza naye ni wewe.

Baada ya mwaka mpya nilijaribu kujidanganya. Nilifikiri nitakata zote niache fungu moja tu, lile lako, nilizungushie bati. Lakini fungu moja linatosha. Mbegu zake nyekundu zinapasuka mwezi wa nne na ndege hawangoji mtu, na kipande cha tunguu kama kidole kikichukuliwa na maji kinaota kokote kitakapokwama. Ningewaambia nini wale watu wanne? Kwamba Graeme alivunjika kwa sababu ya Mama, na anayefuata atavunjika kwa sababu yangu?

Nilikwenda kwa mama mdogo Rīpeka. Nilijua siwezi kugusa pale bila dua, na kwa upande wa Mama sasa amebaki yeye tu. Alinitazama kama Mama alivyokuwa akinitazama nikivunja sahani.

"Dua nitasoma," akasema. "Ila usije ukaniuliza kama nimekubali."

Tuliifanya Jumamosi ya tarehe kumi na moja, mvua inanyesha. Wenzangu walikuja wote wanne na majembe yao, lakini hakuna aliyevuka uzio. Walisema watabeba magunia tu. Mama mdogo alisoma, kisha akaenda kukaa barazani akanipa mgongo. Nikapiga moyo konde nikaanza.

Sikujua imekuwa kubwa kiasi kile. Matunguu mengine yalikuwa mazito kama kichwa cha ng'ombe. Tulijaza magunia thelathini na moja. Nilianzia kijitoni nikawa napanda kuelekea nyumbani, na pale kwenye nguzo nikapaacha mpaka mwisho. Hapo niliweka jembe chini, nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono. Nilichimba mpaka kwenye udongo mwekundu. Sikukuta kitu, Ngāhuia. Ni udongo tu na harufu ya tangawizi. Miaka arobaini na minne, sijui nilitegemea nini. Nililia pale chini kama mtu aliyefiwa upya, na wale wanne kwenye uzio wakageuka wakawa wanatazama miti.

Udongo nimeurudishia kwa mkono, haukutoka hata kiganja. Hatutapanda kitu pale mwaka huu. Ndiyo kanuni yetu, lazima pakae wazi ili chipukizi likitokea tulione. Nakwenda kila siku kukagua. Tayari nimepaka dawa machipukizi saba. Binti wa jirani alinishauri nikutumie picha ya mti mzuri, nikuambie nimekupandia. Sikutaka kukuletea uongo.

Yule mfugaji wa kule juu nilimfuata nikamtaka radhi. Aliniambia hakujua kama nilikuwa nimemnyima salamu.

Jocelyn anakusalimu sana na anauliza kama yale makoti ya sufu yaliwatosha watoto. Mwalimu Graeme anakusalimu, anauliza kama bado unahesabu kwa vidole. Mama mdogo Rīpeka hakunituma salamu yoyote, lakini aliuliza mara mbili kama barua hii nimeshaiandika. Msalimie Brent, uwabusu Rewi na Kiri kwa niaba yangu.

Sikukuuliza kwanza kwa sababu nilijua ungekataa, na wewe sijawahi kukukatalia kitu. Mama alikuwa na raha yake: miaka ikipita bila kukuona, alijua kuna kinachokushikilia huku. Mimi nimekiondoa kwa mikono yangu miwili. Kuanzia sasa hakuna kinachokuvuta nyumbani ila sisi tuliobaki, nasi si wengi, wala si wazuri wa kupiga simu. Jiwe tunalifunua saa nne asubuhi. Ukija, nitajua umekuja kwa kutaka mwenyewe. Usipokuja, nitajua pia.

Mungu akulinde pamoja na nyumba yako, na wazee wetu waliotangulia wakutazame huko uliko.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata kama leo huwezi kulisikia jina langu,

Hōhepa