Bahasha ya Mjomba Wako na Jaribu Nililolishinda

Nyumbani,
Ghorofani, juu ya karakana ya mjomba wako.
Jumatano, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa mjukuu wangu Chiriku,

Hujambo huko uliko? Unakula? Unalala? Kile kikohozi kimekuachia? Kama hakijakuachia usiniambie ni hewa ya huko. Najua ni wewe hutaki kuvaa sweta. Mimi sijambo, ila magoti yananisengenya kila nikipanda ngazi. Mama yako hajambo, mjomba wako hajambo kwa mwili, kwa moyo utasikia mwenyewe humu ndani.

Tulikuita Chiriku kwa domo lako. Ulikuwa ukianza kusema asubuhi, jioni tunakuomba upumzike. Leo umefika mbali umekuwa bubu. Barua yako ya mwisho ilikuja nikiwa bado na jino la mbele. Na usinitajie simu. Simu unaniambia "Bibi, mtandao," halafu unapotea kama paka aliyeiba. Hii naandika kwa mkono wangu, sijaandikiwa na mtu, na darasa langu unalijua lilikomea wapi. Herufi zikipinda, nawe pinda shingo usome.

Sasa nina jambo linalonichanganya kichwa, na wewe ndiye msomi wetu, unakaa ofisini na karatasi kutwa. Nitakueleza taratibu, kwa sababu hata mimi nikilieleza haraka linanitoroka.

Mjomba wako ameacha kushona mikoba ya shule. Anatengeneza bahasha. Si hizi za kaki za kulamba na kutupa. Hii ni ya kitambaa kizito cha kijivu, imepakwa plastiki, haiingii maji. Mdomo una zipu. Kwa mbele kuna kidirisha cha kuchomekea kadi ya anwani. Ikifika, wa huko anageuza kadi, anatia karatasi zake, anairudisha. Inakwenda na kurudi mpaka ichakae. Kuna kampuni moja ya bima yenye matawi kila mahali, kila siku wanatumiana makaratasi ya watu, na bahasha za kaki zimewajaa hadi chini ya meza. Wakizikubali hizi za mjomba wako, karakana ina kazi. Wasipozikubali, anafunga mlango na wanawake wake wa cherehani wanarudi nyumbani kukaa. Mmoja wao ni yule Kidole Gumba aliyekushonea gauni la mahafali, unamkumbuka.

Mpaka hapo naelewa. Kinachonishinda ni utepe. Mwisho wa zipu wanabandika utepe wa karatasi. Ukiubandua, unaacha neno jekundu kwenye kitambaa: IMEFUNGULIWA. Aliyetumiwa akilikuta neno hilo kabla hajagusa kitu, anajua kuna mpekuzi amepita njiani. Halafu neno linafutwa kwa dawa, unabandikwa utepe mwingine, safari inaendelea. Basi nikamwuliza mjomba wako: hii bahasha inafunguka au haifunguki? Akasema, "Inafunguka, Mama, lakini haifunguki kimyakimya." Nikamwambia mwanangu, kitu kikiwa mlango kiwe mlango, kikiwa ukuta kiwe ukuta. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Sasa sikia makubwa. Asubuhi moja ananijia mbio, funguo mkononi, maneno anayakata nusu kama kawaida yake. Anaiweka bahasha juu ya meza yangu. "Mama, hili jaribu lako. Ndani kuna kitu. Tuone kama utaliweza." Huyoo, ameshuka ngazi.

Jaribu! Mimi majaribu nayajua tangu sijaota meno; mtu huomba aepushwe nayo. Na juma lile lile mke wa mjomba wako alikuwa akinung'unika kuna mtu anapekua kabati lake. Nikasema kumbe. Kumbe mwanangu niliyemzaa ananitegea mtego kama panya, aone kama mama yake ni mdaku. Haya. Nikavuta kiti, nikaketi mbele ya ile bahasha, nikakunja mikono. Tukatazamana mimi na yeye.

Chiriku, mke mwenzangu, sikuigusa. Jirani wa chini, yule tunayemwita Redio, akaja kuomba chumvi, akanyoosha mkono: "Hii nini, Bibi?" Nikamwambia, "Kinachokuhusu kiko kwako, na chumvi yako hiyo hapo." Akaondoka amevimba. Mchana nikala nimeipa mgongo. Usingizi ukanijia, nikaukataa. Siwezi kukudanganya, mkono uliniwasha. Lakini mimi ni mtu mzima mwenye heshima zake.

Jioni cherehani zinaunguruma huko chini, mjomba wako anapaza sauti toka kwenye ngazi:

"Mama! Umeshindwa?"

"Nimeshinda!" nikamjibu kwa kishindo.

"Umeshindwa kabisa?"

"Nimeshinda nayo kutwa nzima, wala haijafunguliwa!"

Weee! Akapanda ngazi akiruka mbili mbili kama mtoto. Akaikamata bahasha, akaigeuza huku na huku, utepe mzima. Akaibusu. Aliibusu bahasha, mimi mama yake akanipita. Nikajisemea si kitu, angalau amejua mama yake si mpekuzi.

Ikapita siku, tunakula, anamsimulia mkewe habari za Bibi Miwani. Huyo Bibi Miwani ndiye mkubwa wa manunuzi kule kwenye bima. "Nimemweleza," anasema, "kuwa mama yangu mzazi, mwanamke anayefungua soda kwa jino, alikaa na ile bahasha kutwa akashindwa kuifungua. Amefurahi sana. Ijumaa tunatia sahihi."

Nikalirudisha tonge sahanini. Nikamwuliza, "Nani alishindwa?"

"Wewe, Mama."

"Kushindwa nini?"

"Kuifungua."

"Kwani nani amekuambia nilitaka kuifungua?"

Akaweka kijiko chini. "Mama, si nilikupa jaribu?"

"Ulinipa. Nami nikalishinda."

Mkewe alicheka mpaka akaondoka mezani, nikamsikia huko jikoni anagonga sufuria. Mjomba wako hakucheka. Akaniambia polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, kuwa alitaka kusema jaribio. Kwamba alitaka niikate, niichokonoe, niichezee ujanja wote duniani nione kama nitaifungua bila kuacha alama. Nikamwambia basi ungesema hivyo, shule nilikulipia ya nini? Mtoto anameza nusu ya neno, halafu nusu nyingine nitapike mimi?

Chiriku, hebu niambie. Kosa ni la nani? Maana nimeligeuza kichwani kama chapati inayokataa kuiva, na kila upande naona mbichi. Wakati mwingine naona ni lake. Wakati mwingine, nikiwa nimechoka, naona nilipaswa kuuliza. Halafu nakasirika tena naona ni lake.

Kesho yake akaniletea bahasha ile ile na tepe nyingi. "Haya Mama, iba." Mwanangu huyo! Anamwambia mama yake aibe, na anaketi kutazama. Nikachukua kisu cha vitunguu. Utepe ukanyanyuka, neno jekundu hilo. Nikaona nimeharibu, nikataka kuomba radhi, kumbe anapiga makofi. "Hivyo hivyo, Mama!" Akabandika mwingine. Nikatumia sindano. Neno jekundu. Makofi. Nikatumia kucha, mate, mafuta ya nywele. Kila nikishikwa, ananishangilia. Nikiiacha salama ananilaumu, nikiivunja ananisifu. Nikamwambia mimi akili yangu imechoka, naweka chai.

Nikaweka chai. Birika lilipochemka nikaliepua, na meza imejaa takataka zake za tepe, nikalitua pale palipo na nafasi. Tukanywa. Nilipoliinua birika, utepe ukaja nalo. Umenata chini ya birika, mzima, kama jani. Nikatazama kwenye kitambaa. Hakuna neno. Hakuna jekundu, hakuna alama, kitambaa safi kama uso wa mtu mwongo.

Nikamwambia, "Tazama, safari hii sikushikwa!" Nilidhani sasa ndio atapiga makofi mpaka mikono iume. Chiriku, uso wa mjomba wako ulikuwa kama majivu. Akafungua zipu mwenyewe. Na ndani, unajua kulikuwa na nini siku zote hizo? Gazeti kuukuu lililofinyangwa. Mimi nimeketi kutwa napigana na shetani kwa ajili ya gazeti la mwaka juzi!

Lakini nilipotaka kumsema kwa hilo la gazeti, nikaona ameketi kwenye ngazi, kichwa mikononi. Gundi inalegea kwa moto. Mtu yeyote mwenye birika anaweza kusoma makaratasi ya watu, akabandika tena, na bahasha ikaapa kuwa haijaguswa. Na Ijumaa ilikuwa imebakiza siku mbili.

Mkewe akasema, "Nani mwingine duniani atatua birika juu ya bahasha ya ofisi?" Huko chini cherehani zinaimba, wale wanawake tayari wameambiwa kazi imepatikana. Na mimi, nitakuambia ukweli, nilitaka mjomba wako anyamaze. Mimi niliyeketi kutwa nimekunja mikono, nilimwambia mwanangu, "Ijumaa tia sahihi, gundi utabadilisha baadaye." Akaniangalia. "Mama," akasema, "hilo ndilo jaribu sasa."

Nikainuka, nikaenda kuliosha birika.

Ijumaa akavaa shati lake la kwendea kwa watu, akaenda na bahasha na birika langu ndani ya mfuko. Akamwonyesha Bibi Miwani mbele ya wenzake. Hawakutia sahihi. Wala hawakumfukuza. Bibi Miwani alimwambia abadilishe gundi, halafu moja ya bahasha hizo isafiri mbali kwa posta, ipite mikono ya watu wasiowajua, ifike, ifunguliwe, itiwe utepe mpya, irudi. Irudi na habari zake kamili. Ndipo watazungumza. Kwa sasa karakana inashona vifuko vya viatu, na cherehani mbili zimefunikwa. Kidole Gumba amekwenda kumsaidia dada yake sokoni. Alinisalimia kwa adabu alipokuwa anaondoka, na salamu ile iliniuma kuliko tusi. Mpaka leo sijui kama birika langu limemwokoa mwanangu au limemfungia mlango. Anasema limemwokoa. Lakini usiku wa kwanza hakula.

Gundi mpya ameijaribu kwa birika, kwa pasi, kwa jua la bati. Imekataa kusema uongo. Sasa kumebaki safari. Tulipouliza nani tunaye mbali, kila mtu alinitazama mimi, nami nikakufikiria wewe.

Basi barua hii imekuja ndani ya bahasha yenyewe. Kama umeshaifungua kwa pupa bila kuitazama, Mungu akusamehe, maana mimi sitakusamehe. Mjomba wako amebandika onyo nje kwa herufi kubwa, sina shaka hukulisoma. Lakini kama ulitulia, andika ulichokiona kwenye utepe. Ukikuta neno jekundu, sema. Nimemwuliza kama hilo litakuwa vizuri au vibaya, akasema ni vibaya kwa barua lakini ni vizuri kwa bahasha. Mimi nimeacha kuuliza. Na ukihisi karatasi zimeguswa na neno halipo, sema hilo kwanza, hata kama litamwumiza mjomba wako. Usimpambie. Ameshapambiwa na mama yake, umeona yaliyotokea.

Ndani, mfukoni, kuna utepe wa kurudia na dawa ya kufutia neno. Futa, bandika, geuza kadi. Nyuma nimeandika anwani yetu mwenyewe.

Wanakusalimu wote: mama yako, anayesema uvae sweta, mjomba wako na mkewe, babu yako, ambaye amenisikiliza nikisoma barua hii akalala katikati, hata Redio wa chini anakusalimu, ingawa mimi na yeye bado hatusemezani vizuri. Msalimie mumeo na wale mapacha, na uwaambie wana bibi mkuu mwenye meno machache na maneno mengi. Mungu akutunze, akuondolee wabaya njiani, na kikohozi hicho akitupe mbali.

Na bahasha hii, mwanangu, ni chombo cha watu. Chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Bima wanataka utepe tu. Mimi nataka kurasa mbili zilizojaa, pande zote.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata ninapokugombeza.