Kosa la Pili la Rehema

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka chumba cha walimu hapa Garsen. Feni imekufa na karatasi inaninata mkononi. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Wundanyi? Na Mama, goti limepungua uvimbe? Mimi ni mzima, ila nimekonda, na joto peke yake halikunikondesha.

Juzi kwenye simu uliniuliza mbona sauti yangu imebadilika. Kwa simu nisingeweza kukueleza.

Katika kidato cha tatu ninachofundisha nilikuwa na mwanafunzi, Rehema Komora, miaka ishirini na miwili. Aliacha shule alipopata mimba, akazaa binti, kisha akarudi kukaa dawati moja na watoto aliowazidi umri miaka mitano. Alikuja kwa miguu kutoka Idsowe, viatu mkononi, akinawa matope kwenye mfereji wetu kabla ya kengele.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha maneno ya kutofautisha: "instead of", badala ya, na "despite", licha ya. Somo lenyewe unalijua, umelifundisha maisha yako yote: baada ya maneno hayo, kitenzi lazima kiishie na "-ing". Nilikuwa nalirudia tangu Jumatatu na bado walikosea. Nikataka kila mmoja asimame atoe sentensi yake. Zamu ya Rehema ikafika.

"Instead of to marry, I want to learn." Badala ya kuolewa, nataka kusoma.

Nikamjibu kwa Kiswahili, ili hata wa nyuma wasikie. "Rehema, sentensi yako ina makosa mawili. La kwanza, tunasema marrying, si to marry. La pili, ni uongo. Una mtoto nyumbani, halafu unatuletea habari za badala ya kuolewa?"

Darasa lilipasuka. Wengine walipiga madawati. Nami nilicheka, Baba, nikacheka mpaka nikashika ubao. Rehema alibaki wima, kwa sababu sikumwambia aketi.

Tangu hapo wakamwita Insteadi. Binti yake, ambaye wengi hawajamwona, wakampa jina Despaiti. Niliwasikia na sikuwakataza. Nilijiambia kwamba angalau maneno yameingia. Haikupita wiki, Rehema akaacha kuja. Wala sikuuliza. Baada ya wiki tatu nikapiga mstari juu ya jina lake kwenye rejista.

Kila nikifungua rejista mstari ule ulinisumbua, na Jumamosi iliyopita ndipo nilipopanda bodaboda hadi Idsowe. Mama yake nilimkuta uani akipepeta mpunga, na kitoto cha miaka mitatu kimekaa kando yake kinakula ndizi ya kuchemsha. Nilipojitaja, alinyanyuka akanishika mikono yote miwili.

"Mwalimu wa Kizungu! Karibu, mwanangu, karibu sana. Rehema hayuko, yuko kwake Chara. Ameolewa."

Nikauliza ameolewa lini.

"Mwezi huu. Mvuvi, mtu mzima, alifiwa na mkewe, ana watoto wanne. Alileta posa mara mbili, Rehema akakataa. Aliniambia, mama, badala ya kuolewa mimi nasoma. Tukagombana! Halafu siku moja akarudi mchana, hajala, akasema, waambie waje. Sijui mlimwambia nini huko shuleni, mwalimu, lakini asanteni."

Nikakaa kwenye mkeka. Akadhani nimechoka na jua, akaniletea maji. Kisha, kwa furaha yake, akampigia Rehema na kunipa simu.

Nilisema, "Rehema, nimekuja kukuomba msamaha. Rudi shule, nitazungumza na mwalimu mkuu, nitazungumza na mumeo pia."

Nilisikia watoto wakilia nyuma yake.

"Mwalimu," akasema polepole, "kosa la kwanza nilishalirekebisha. La pili sikulielewa, kwa sababu siku ile nilisema kweli. Sasa ndiyo imekuwa uongo."

Akakata.

Nilipoaga, mama yake alimbeba yule mtoto anipungie mkono. Mume wa Chara hakumtaka, kwa hiyo amebaki kwa bibi. "Anaitwa Neema," akasema, "lakini wale wanafunzi wakipita barabarani wanamwita Despaiti. Ni jina la Kizungu hilo? Maana yake nini?"

Nikamwambia ni jina tu.

Baba, usiseme ni joto. Hayo maneno ya makosa mawili niliyatoa kwako. Uliyasema mezani siku kaka Mwakio alipojaribu kusema kwa Kiingereza kwamba atakuwa daktari. Tulicheka wote, Mama pia. Sijamsikia tena Mwakio akisema Kiingereza mbele yako, wala akisema atakuwa kitu chochote. Nakuheshimu, na nimeandika hivyo nikiwa nakuheshimu.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba Rehema alisema kweli na mimi ndiye niliyekosea. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Kwenye mtihani sarufi ilitoka. Nimemaliza kusahihisha leo, na najua utapenda kusikia: swali la "instead of" hakuna hata mmoja aliyelikosa.

Mpe Mama shikamoo yangu, na bibi mwambie kitambaa alichonishonea nakitumia kujifuta jasho. Shangazi wa dukani msalimie. Mwakio usimpe salamu zangu. Nitamwandikia mwenyewe, kwa Kiswahili.

Ni mimi binti yako,
Wakesho