"Uzembe wa Dereva," Walisema

Kwako Baba Neema,

Kamwene. Nakuandikia kutoka hapa hapa Iringa, kwenye nyumba yetu. Malori yanapita huko chini kama zamani, na bado nageuza shingo nikisikia injini inayofanana na ya lori lako.

Unakumbuka ile safari uliyonipakia, tukiwa ndio kwanza tumeoana? Nilikaa juu kwenye kabini nikajiona malkia. Makambako upepo ulikipeperusha kitambaa changu hadi kwenye shamba la mahindi la mtu, nawe ukakikimbilia huku unacheka. Tulipofika juu ya mteremko wa kuingia Uyole hukucheka tena. Ulirudisha gia, tukashuka polepole kama tumebeba mgonjwa. Chini kabisa akina mama walikuwa wamepanga viazi na ndizi hadi kwenye mstari mweupe wa barabara.

"Hapa breki zikikataa huna pa kwenda," uliniambia. "Kushoto korongo, mbele watu. Wangetuwekea hata njia ya mchanga pembeni, mtu ukazamisha gari humo, ingetosha."

Asubuhi ile ya mwisho ulinipigia kutoka njiani. Sauti yako ilikuwa nzito, ya mtu ambaye hajalala. Ulisema breki za tela zinashika zikitaka. Tajiri, mwenye lori, ulikuwa umeshamwambia, naye akakujibu ufikishe mzigo Tunduma kwanza, matengenezo utafanya ukirudi. Trafiki walikuwa wamekusimamisha, wakaangalia leseni na stika ya ukaguzi kwenye kioo, wakakuruhusu. Stika ilikuwa mpya. Lori lenyewe hakuna aliyewahi kulikagua.

"Likatae," nilikuambia.

"Nikikataa, Mama Neema, jioni linaendeshwa na mwingine. Riziki yangu ni mzigo ufike."

Nilisikia redioni kabla sijapigiwa simu na mtu. Lori limefeli breki Uyole, limewaparamia wafanyabiashara kando ya barabara, dereva naye amefariki. Kisha akaja mkubwa mmoja kuhojiwa, akasema chanzo ni uzembe wa dereva. Hata moshi ulikuwa haujaisha.

Msibani kwako watu walikuja, lakini walinong'ona. Wengine walinipa mkono bila kuniangalia. Tajiri alituma gunia la mchele, yeye mwenyewe hakufika, wala hakuitwa popote kuulizwa. Neema aliporudi shule, mwenzake alimuuliza inakuwaje kuwa mtoto wa muuaji. Hilo ndilo lililoniinua kitandani.

Nikapanda basi kwenda Uyole. Niliulizia hadi nikaonyeshwa nyumba ya Mama Atupele, aliyempoteza bintiye pale pale kwenye ndizi. Nilipomwambia mimi ni nani, alibaki ameshika nguzo ya mlango.

"Umefuata nini kwangu?"

"Nimekuja kukupa pole, mama. Na kukuambia aliyoniambia mume wangu asubuhi ile."

"Hayo yatamrudisha mwanangu?"

"Hapana."

Alinitazama mpaka nikadhani atanifukuza. Kisha akasogea kwenye benchi, akaniachia nafasi. Nikamsimulia yote. Nilipomaliza alifuta uso kwa khanga.

"Kwa hiyo tajiri alijua," akasema. "Na sisi tulijua. Tuliomba soko lisogezwe, tukapewa kiwanja huko ndani ambako hakuna njia, mteja hafiki. Tukarudi barabarani. Atupele alikuwa anasema, mama, siku moja litatufuata."

Ulipoitishwa mkutano wa hadhara pale Uyole kuhusu ajali, tulikwenda sote wawili. Nilisimama nikauliza kwa nini hakuna njia ya mchanga, na nani aligawa ile stika. Mtu akapiga kelele nyuma, "Huyo ni mke wa yule dereva! Akae chini!" Mama Atupele akasimama, akaja kunishika mkono mbele ya watu wote.

"Mimi ndiye niliyezika," akasema. "Dereva mmemlaumu, naye amekufa. Sasa niambieni kuhusu wale walio hai."

Mhandisi kijana wa barabara akasimama, akatuambia ukweli, namshukuru kwa hilo: mchoro wa njia ya mchanga upo, wanauombea fedha kila mwaka, na kila mwaka unarudishwa. Kuhusu stika, hakuna aliyejibu. Soko limesogezwa kidogo, safari hii na barabara ya kuingilia, kwa hiyo kuna watoto wa watu ambao hawatakufa pale. Hayo ndiyo tuliyoyapata. Mteremko uko vile vile. Tajiri wako amenunua lori lingine, kuukuu kama la kwanza, na amepata dereva siku hiyo hiyo.

Baba Neema, nimechoka kulia, siku hizi nina hasira zaidi. Naamka nayo, napika nayo. Kuna wakati nakukasirikia hata wewe kwa kuondoka na lori lile, halafu nakumbuka ada ya Neema na bati za nyumba hii, nanyamaza.

Juzi limeanguka lingine, mteremko ule ule. Dereva ni wa Makambako, amefariki. Redioni wakasema maneno yale yale kabla hawajamtoa kwenye kabini. Nilimpigia Mama Atupele, tukakutana stendi ya Makambako, tukaulizia msiba. Turubai lilikuwa limefungwa lakini viti vingi vilikuwa vitupu. Mjane ni binti mdogo, ana mtoto mgongoni. Alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, ameinamisha kichwa kama yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Tulivua viatu, tukakaa naye, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Pumzika, mume wangu. Mimi bado nina kazi.

Mke wako,
Mama Neema